Ada, tozo na faini za mamlaka za udhibiti zinakwenda wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukinunua umeme, ukilipa bili ya maji, ukijaza mafuta, ukikata leseni ya daladala au ukitoa kontena bandarini, kuna taasisi ya udhibiti inayopata sehemu ya fedha yako. Mara nyingi unalipa bila kujua jina lake. Majibu haya yanahusu zaidi Tanzania Bara, na yameandikwa kwa ajili ya mlipaji wa kawaida na mfanyabiashara mdogo ambaye hana mwanasheria wala mhasibu wa kumuuliza.

Taasisi za udhibiti ni zipi hasa?

Ziko za aina mbili. Zipo zinazosimamia sekta nzima na kuwa na sauti kwenye bei na leseni: EWURA kwa umeme, maji na mafuta, LATRA kwa usafiri wa nchi kavu, TCRA kwa simu, utangazaji na posta, TCAA kwa anga, TASAC kwa majini. Halafu zipo zinazosimamia ubora, usalama na afya bila kugusa bei: TBS kwa viwango, TMDA kwa dawa na vifaa tiba, Wakala wa Vipimo kwa mizani na pampu, OSHA kwa usalama mahali pa kazi, NEMC kwa mazingira. Bodi za taaluma, kama ile ya wakandarasi au ya wahandisi, nazo zinasajili na kutoza ada ya mwaka.

TRA haimo kwenye orodha hii. Hao kazi yao ni kukusanya kodi kwa ajili ya Serikali, na fedha ya kuendeshea ofisi zao inapitishwa kwenye bajeti ya Serikali. Nalisema mapema kwa sababu mfanyabiashara anayefungiwa duka na taasisi nyingine kabisa huwa anasema "TRA wamenifungia", na malalamiko yake yanaishia kwenye mlango usiohusika.

Zinaendeshwa kwa kodi zetu?

Kwa sehemu ndogo, au si kabisa. Mamlaka kubwa kama EWURA, TCRA na TCAA zinajitegemea kwa fedha zinazotoka ndani ya sekta wanazosimamia: ada za leseni na za maombi, tozo inayokatwa kama asilimia ya mapato ya kampuni, na ada za huduma kama ukaguzi au upimaji wa sampuli. Sheria zao zinaruhusu pia ruzuku ya Serikali na misaada ya wafadhili, lakini kwa hizo kubwa hicho si chanzo kikuu.

Taasisi nyingine zina mchanganyiko: mishahara inatoka Hazina, matumizi mengine yanatoka kwenye ada zao. Ndiyo maana taasisi mbili zenye ofisi zinazotazamana zinaweza kuwa na hali tofauti kabisa, moja ina magari mapya na nyingine mkaguzi anasubiri nauli.

Neno utakalolisikia kwenye vitabu vya bajeti ni maduhuli, yaani mapato ya Serikali yasiyo ya kodi. Ada na tozo za udhibiti zinahesabiwa humo.

Ile "EWURA 1%" kwenye risiti ya LUKU ni nini, na kwa nini nalipa mimi badala ya TANESCO?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na lina jibu linaloweza kuhesabiwa senti kwa senti.

Sheria ya EWURA ya mwaka 2001 inairuhusu mamlaka hiyo kutoza watoa huduma inaowasimamia tozo isiyozidi asilimia 1 ya mapato yao ghafi ya uendeshaji. Kwa maana hiyo mdaiwa kisheria ni mtoa huduma. Lakini gharama hiyo imeruhusiwa kupita kwa mteja, na kwenye umeme inaonyeshwa waziwazi kwenye mstari wake.

Chukua mteja wa daraja la T1, ambaye uniti yake ni Sh292 kabla ya makato. Ananunua umeme wa Sh5,000, na kodi ya majengo ya mwezi huo imeshakatwa. Kwa VAT ya asilimia 18, risiti inasoma hivi: gharama ya umeme Sh4,098.36, VAT Sh737.70, EWURA Sh40.98, REA Sh122.95. Anapata uniti 14 na vichele. Asilimia zote tatu zinapigwa juu ya gharama ya umeme, si juu ya Sh5,000 aliyotoa, na ndiyo maana uniti moja inamfikia mteja kwa Sh356.24 badala ya Sh292.

Kwa hiyo kati ya Sh5,000, mdhibiti kapata kama Sh41. REA, ambayo ni Wakala wa Nishati Vijijini na si mdhibiti, kapata mara tatu ya hapo kwa ajili ya kusambaza umeme vijijini. VAT imekwenda TRA. Watu wengi wanapolalamika kwamba "EWURA wanakula umeme wetu", kidole kinaonyesha mstari mdogo kuliko yote kwenye karatasi hiyo.

Hilo halimaanishi kwamba Sh41 ni kitu cha kupuuza. Zinakatwa kwa kila anayenunua umeme, kila anaponunua, nchi nzima. Ni mto unaotoka kwenye matone, na mwenye tone ana haki ya kuuliza mto unaelekea wapi.

Kwenye bili ya maji utaratibu ni huohuo. Mstari wa EWURA asilimia 1 utauona kwenye ankara za mamlaka za maji kama DAWASA.

Na kodi ya majengo kwenye LUKU, ni ya EWURA pia?

Hapana. Ni kodi, imewekwa kwenye mfumo wa umeme tangu Agosti 2021 kwa sababu mita ni njia rahisi ya kumfikia kila mwenye nyumba. Ilianza kwa Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka wa fedha 2023/24 ikapanda kuwa Sh1,500. Inakatwa unaponunua umeme kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi, na ukiruka miezi inajikusanya. Mpangaji anayeilipa kwa niaba ya mwenye nyumba ana haki ya kumdai, lakini hilo wamalizane wenyewe.

Kwenye lita ya petroli kuna nini cha wadhibiti?

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta. Wengi tunaishia kwenye bei ya mkoa wetu na kufunga. Ungeendelea chini ungekuta mchanganuo: gharama ya mafuta yenyewe na usafirishaji hadi bandarini, tozo za bandari na reli, ushuru wa bidhaa, tozo ya mafuta kwa ajili ya barabara, ada ya mafuta, faida ya wauzaji wa jumla na rejareja, na katikati ya hayo yote mistari midogomidogo ya taasisi, yaani Vipimo, TBS, TASAC na EWURA.

Mistari hiyo ya wadhibiti ni shilingi chache kwa lita. Ushuru wa bidhaa na tozo ya mafuta ni mamia ya shilingi kwa lita, na hizo hupangwa na Bunge kupitia Sheria ya Fedha kila Juni. Anayetaka bei ya mafuta ishuke kwa kubana taasisi za udhibiti atapata nafuu ambayo mwenye bodaboda hataihisi mfukoni.

Kinachopaswa kuulizwa kwenye mafuta ni kama kazi inafanyika. Tangu mwaka 2010 mafuta yanayolipiwa kodi nchini yamekuwa yakiwekewa vinasaba, ili mkaguzi akichukua sampuli kituoni aweze kujua kama yaliyomo ni mafuta ya soko la ndani au ni ya kupita kwenda nchi jirani yaliyomwagwa njiani. Pampu nayo inapimwa na Wakala wa Vipimo, na ule muhuri na stika unavyoviona ubavuni mwa pampu ndiyo alama ya kazi hiyo. Ukikuta stika imepitwa na wakati, basi lita uliyolipia huna uhakika nayo, na ile ada imelipwa bure.

Nikilipa kwa kontrol namba, hela inakwenda moja kwa moja kwa taasisi?

Inapita kwenye mfumo wa Serikali wa malipo ya kielektroniki, GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017. Namba ya malipo ina tarakimu 12, kwa kawaida inaanzia na 99, na imefungwa na ankara moja: jina la mlipaji, aina ya ada na kiasi. Ukilipa kwa simu, benki au wakala, mfumo unaiambia taasisi kwamba ankara imelipwa na fedha inaingia kwenye akaunti yao ya makusanyo.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa tofauti. Vitabu vya stakabadhi vilitembea kwenye mifuko ya suruali, na kila taasisi ilikuwa na akaunti zake kwenye benki za biashara. Mwanzoni mwa 2016 Serikali iliagiza fedha za mashirika na taasisi za umma zihamie Benki Kuu. Wakurugenzi wengi hawakufurahi, kwa sababu riba ya amana ilikuwa sehemu ya mapato yao. Kwa upande wa mlipaji ilikuwa hatua njema. Serikali ilikuwa inakopa kwenye benki zilezile zilizokuwa zimeshika fedha za taasisi zake.

Kwa hiyo mtu yeyote anayekuambia "nipe hapahapa nitakusaidia kuingiza" hakusaidii. Ukaguzi bila ankara ni hongo iliyovaa sare.

Ikishafika kwenye taasisi, wanaitumia yote wao?

Hapana, na hapa ndipo jambo zima linapokuwa na uzito.

Ibara ya 135 ya Katiba inasema mapato ya Serikali yote yaingie kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa yale ambayo sheria imeyatenga kwa shughuli maalumu au kwa mfuko mwingine. Sheria za mamlaka za udhibiti zinatumia mwanya huo halali: ada ibaki kwenye taasisi ili ifanye kazi ya udhibiti. Lakini kuna sheria nyingine, ile ya Msajili wa Hazina, inayozitaka taasisi na mashirika ya umma kurudisha Serikalini sehemu ya mapato. Kiwango kilichozoeleka ni asilimia 15 ya mapato ghafi.

Zingatia hilo neno ghafi. Haihesabiwi baada ya kulipa mishahara, mafuta ya magari ya wakaguzi na kemikali za maabara. Inahesabiwa juu ya jumla iliyokusanywa. Kwa kila Sh100,000 ya ada ya udhibiti, Sh15,000 ni ya Mfuko Mkuu, na huko inachanganyika na fedha nyingine zote: mishahara ya walimu, madeni, ujenzi wa reli. Hakuna ubaya wowote kwenye mambo hayo. Ila mwenye kiwanda cha maji ya chupa aliambiwa analipia usimamizi wa ubora wa maji.

Fedha hizo ndizo unazoziona kwenye hafla ya gawio. Juni 2024 Msajili wa Hazina alikabidhi kwa Rais kiasi cha Sh637 bilioni, na Juni 2025 kikapita Sh1 trilioni. Hapo ndani kuna vitu viwili tofauti: gawio, ambalo linatoka kwenye kampuni ambazo Serikali ina hisa, kama mabenki na migodi, na michango, ambayo inatoka kwenye taasisi zisizo na hisa, wadhibiti wakiwemo. Benki ikitoa gawio kubwa ni jambo la kushangilia, imefanya biashara na kupata faida. Mdhibiti akitoa mchango mkubwa, mimi nauliza swali lingine: alikusanya hizo kwa nani, na kwa nini alikusanya kuliko alivyohitaji?

Kama ada ilipangwa kulingana na gharama ya kukagua, basi kuiondolea asilimia 15 kunamwacha mkaguzi na upungufu. Na kama hakuna upungufu, basi ada ilikuwa juu ya gharama tangu mwanzo, na ile ziada ni kodi iliyokusanywa kupitia kanuni za waziri badala ya kujadiliwa na Bunge. Ibara ya 138 ya Katiba iko wazi kwamba kodi haitozwi ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge, na ni vyema ikaheshimiwa kwa roho yake pia. Sisemi michango hiyo ni haramu; sheria iliyopitishwa na Bunge hilohilo ndiyo inayoiagiza. Nasema ifike siku kitabu cha bajeti kionyeshe, kwa kila mdhibiti, gharama halisi ya kazi na kiasi kinachovuka juu yake, ili mbunge ajue anapitisha nini.

Fedha inayobaki inafanya nini?

Mishahara na stahili za watumishi, ukaguzi, maabara, mifumo, safari, majengo, bodi ya wakurugenzi. Mfano mmoja wa matumizi ambao abiria anaweza kuuona: LATRA wana mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi ya mikoani, kifaa kinafungwa kwenye basi na kituo kinaona kila linapozidisha kasi.

Kuna matumizi mengine yasiyojulikana sana. Mamlaka kama EWURA hugharamia baraza la kutetea watumiaji wa huduma kwenye sekta yake, na huchangia Tume ya Ushindani na Baraza la Ushindani. Baraza la Ushindani ndipo panapokatiwa rufaa dhidi ya uamuzi wa mamlaka hizohizo. Kwa hiyo mdhibiti anachangia bajeti ya chombo kinachomhukumu, na ya baraza linalomsema kwa niaba ya mteja. Wanaofanya kazi kwenye vyombo hivyo ni watu wa heshima na wamewahi kutengua maamuzi ya wadhibiti, lakini mpangilio wenyewe haufai. Fedha hizo zingekatwa na Hazina na kupelekwa moja kwa moja, hakuna ambaye angelazimika kumngoja mtu anayemchunguza amwandikie hundi.

Kwa nini Hazina isiwalipe wote, ada zikafutwa?

Sababu ya kwanza ni uhuru. Mdhibiti anayeomba fedha kila mwezi wizarani atapata shida kuikatalia TANESCO au mamlaka ya maji, ambazo zina mmiliki huyohuyo. Fedha ya sekta inampa miguu ya kusimama. Sababu ya pili ni haki: asiye na gari hapaswi kulipia ukaguzi wa mabasi ya mtu mwingine kupitia kodi ya sukari anayonunua. Sababu ya tatu ni ya kiutendaji, kwamba fedha za Hazina huchelewa, na ukaguzi wa dawa hauwezi kusubiri robo ya mwaka ijayo.

Hata hivyo zipo kazi ambazo haziwezi kujilipia na hazipaswi. Mama anayesaga karanga na kuzifunga kwenye vikopo nyumbani anahitaji nembo ya ubora, lakini hana ya kulipia maabara. Kwa watu kama hao TBS imekuwa na utaratibu wa kuwahudumia wajasiriamali wadogo waliotambulishwa na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, bila kuwatoza gharama za alama ya ubora kwa kipindi cha mwanzo, na fedha ya Serikali inapaswa kuingia hapo. Ukiacha kila kitu kijilipie, mkaguzi atakwenda kwenye viwanda vikubwa vyenye uwezo wa kulipa, na soko la mtaani litabaki halina mwenyewe.

Anayelipa si ndiye atakayependelewa?

Hatari hiyo ipo, na ipo nchi zote. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekuwa ikipokea ada kutoka kwa kampuni za dawa tangu sheria ya mwaka 1992, na mjadala kuhusu hilo haujawahi kuisha kule. Faida yake ilionekana haraka: maombi yaliyokuwa yakikaa miaka yakaanza kujibiwa kwa wakati, kwa sababu kulikuwa na fedha za kuajiri wataalamu.

Kwetu TMDA inaishi kwa njia inayofanana, na ikiwa bado inaitwa TFDA, mwishoni mwa 2018, ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu wa mifumo ya udhibiti wa dawa. Kwa hiyo kuchukua ada ya anayekaguliwa hakumaanishi lazima ukaguzi uwe mbovu.

Kinachozuia upendeleo ni mambo madogo ya ndani. Ada ilipwe kwa maombi, iwe imekubaliwa au imekataliwa. Kiwango kiwe cha maandishi na kisijadiliwe. Anayetathmini faili asijue wala asihusike na malipo yake. Na sekta isitegemee mlipaji mmoja. Kwenye umeme hili la mwisho ni gumu, kwa kuwa TANESCO ndiyo karibu sekta yote ya usambazaji Bara, na tozo ya asilimia 1 inakusanywa nayo kwanza kabla ya kufika EWURA.

Faini je? Zikibaki kwa aliyenitoza, si atanitoza kila siku?

Inategemea sheria inayohusika. Faini za usalama barabarani zinazoandikwa na trafiki zinalipwa kwa namba ya malipo na ni mapato ya Serikali, askari wala kituo hakina mgawo wake. Kwa baadhi ya taasisi nyingine faini zinahesabiwa kama sehemu ya mapato ya taasisi.

Msimamo wangu ni kwamba faini zote ziende Mfuko Mkuu, zote bila kubagua. Taasisi ikishaweka kwenye bajeti yake ya mwaka kwamba "tunatarajia faini kiasi hiki", tayari imewapangia wakaguzi wake makosa ambayo hayajatendeka. Muuza duka anayetembelewa Juni, mwaka wa fedha ukielekea ukingoni, analijua hilo.

Viwango vinapangwa na nani?

Sheria mama inatungwa na Bunge na kutoa mamlaka ya kutoza. Viwango vyenyewe huwekwa kwenye kanuni ambazo waziri husaini na kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali kama Tangazo la Serikali lenye namba na tarehe. Ukitaka kujua kama unachotozwa ni halali, omba namba ya tangazo hilo. Ofisa anayejua kazi yake ataitaja bila kukasirika.

Bei za huduma zina njia nyingine. TANESCO au mamlaka ya maji ikiomba kupandisha bei, EWURA huitisha mkutano wa taftishi ambapo mwananchi yeyote anaweza kusimama na kupinga. Mahudhurio huwa hafifu na ukumbi hujaa waajiriwa wa mwombaji. Nenda. Hoja iliyoandikwa na kuwasilishwa pale inabaki kwenye kumbukumbu, na uamuzi unapaswa kuijibu.

Kwa nini nalipa taasisi tano kwa bidhaa moja?

Kwa sababu kila moja ilianzishwa na sheria yake, katika wakati wake, bila kuangalia nyingine. Malalamiko haya ndiyo yaliyozaa mpango wa kuboresha mazingira ya biashara unaoitwa MKUMBI, ulioanza kutekelezwa Julai 2019. Mwezi huohuo chakula na vipodozi vilihamishwa kutoka TFDA kwenda TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA. Mwenye kiwanda cha juisi akaacha kukaguliwa na taasisi hizo mbili kwa chupa ileile. Ada na tozo kadhaa zilifutwa, ikiwemo ada ya OSHA ya kusajili mahali pa kazi.

Kazi haijaisha. Anayeingiza chakula bado ana TBS na pia Tume ya Nguvu za Atomiki inayopima mionzi, na akiwa kwenye maziwa au nyama kuna bodi ya mazao hayo. Kila ada ukiitazama peke yake ni ndogo. Kinachomuumiza mfanyabiashara ni siku: kontena linakaa bandarini likilipiwa nafasi huku vibali vinangojana.

Nani anawakagua hao wakaguzi?

CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kila mwaka. Ripoti zake hukabidhiwa kwa Rais kufikia mwisho wa Machi na kuwasilishwa bungeni Aprili, na kuna kitabu kizima cha mashirika ya umma. Tafuta humo jina la taasisi yako na usome kuhusu mapato yasiyokusanywa na michango isiyowasilishwa Mfuko Mkuu, hoja inayojirudia mara kwa mara. Kamati ya Bunge ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma ndiyo inayowaita wakurugenzi kujibu.

Kenya wanafanyaje?

Msingi ni uleule: tozo ya EPRA, mdhibiti wao wa nishati, iko kwenye bili ya umeme, inahesabiwa kwa uniti, na kampuni za simu zinachangia asilimia 0.5 ya mapato kwenye mfuko wa huduma kwa wote. Tofauti iko kwenye kurudisha fedha. Kanuni zao za usimamizi wa fedha za umma za mwaka 2015 zinamtaka mdhibiti apeleke asilimia 90 ya ziada, yaani kinachobaki baada ya kugharamia kazi. Njia hiyo inalinda kazi ya ukaguzi kwanza. Udhaifu wake unaonekana haraka: taasisi inayojua ziada itachukuliwa hupata sababu nyingi za kutumia kabla mwaka haujaisha.

Zanzibar je?

Nishati na maji si mambo ya Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina ZURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na bei za mafuta za visiwani hutangazwa nayo. Viwango viko chini ya ZBS. Posta, simu na usafiri wa anga ni vya Muungano, hivyo TCRA na TCAA zinafanya kazi pande zote mbili, ila utangazaji Zanzibar una tume yake.

Nimetozwa kitu nisichokielewa. Nianzie wapi?

Anza na ankara. Iangalie jina la taasisi na maelezo ya ada, maana mara nyingi utagundua aliyekutoza si uliyemdhania. Omba namba ya Tangazo la Serikali linaloweka kiwango hicho. Ukinyimwa, andika barua ukitumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoipa taasisi siku 30 za kukujibu. Weka nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama ni umeme, maji, mafuta, usafiri, simu au ndege, peleka pia kwenye baraza la watumiaji la sekta hiyo, ambalo huduma yake ni bure. Uamuzi wa mamlaka usipokuridhisha, rufaa inakwenda Baraza la Ushindani, na muda wa kukata rufaa ni mfupi, kwa hiyo usikae na barua mezani ukisubiri mwezi uishe.